Usuli mwingi au mchache? Namna tatu za kuandika kisa cha mchezo wa mezani

Kisa changu cha kwanza cha Kilwa kilikuwa na kurasa 14, na 9 kati ya hizo zilikuwa historia tupu. Humo mlikuwa na dhahabu ya Sofala, ziara ya Ibn Battuta ya mwaka 1331, Sultani al-Hasan bin Sulaiman na jumba lake la Husuni Kubwa, ukoo wa Mahdali uliotawala mji, mpaka Vasco da Gama alivyokuja mwaka 1502 kudai kodi huku mizinga imeelekezwa mjini. Mchezo wenyewe ulianza Julai 1505, siku mbili kabla merikebu za Mreno Francisco de Almeida hazijatokeza. Wachezaji wangu wanne walikuwa mabaharia waliotumwa kutoa sanduku katika nyumba ya tajiri mmoja kabla mji haujaingiliwa. Niliwasomea utangulizi kwa dakika kama 10, nikiamini nimewateka. Nilipofunga daftari, mmoja wao, mhasibu, mtu asiyependa maneno mengi, akauliza: "Sawa kaka. Mlangoni kuna mlinzi?"

Sikuwa nimeandika.

Haya nawaandikia waliowahi kukwama hapo, na wale wanaotaka kuandika kisa chao cha kwanza wakiwa hawajui waweke nini na waache nini. Asiyeufahamu mchezo huu aelewe hivi: watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na mmoja wao ndiye mwendeshaji, ambaye wengi humwita DM tu. Yeye ndiye anayeeleza mnachokiona, ndiye anayeigiza kila mtu mnayekutana naye, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Asili yake ni Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Kisa ni yale maandishi ambayo mwendeshaji anakuwa nayo mbele yake. Usuli ni yote yaliyotangulia: nani alijenga, nani alimchukia nani, mji ulipataje utajiri wake, kwa nini mlango umefungwa kwa ndani.

Kuna njia tatu ambazo watu huzifuata, na hapa nitaziita kisa chembamba, kisa kinene na kisa cha milango. Hilo la tatu ni jina langu mwenyewe. Ndilo ninaloliegemea, nakiri mapema, ingawa kuna siku huliacha.

Bwawa moja, maandishi matatu

Tuchukue mahali pamoja. Husuni Kubwa, pale Kilwa Kisiwani, kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane, na magofu yake yapo mpaka leo. Katika kisa changu cha mwaka 1505 jumba limeshahamwa zamani, na wachezaji wanaweza kufika hapo wakitafuta njia ya kujificha. Mwandishi wa kisa chembamba angeandika hivi:

"Bwawa la pembe nane, kavu, limejaa majani. Mzee amelala humo, upanga kifuani. Chini ya majani: kifuniko cha jiwe."

Mwandishi wa kisa kinene angeandika hivi, na huyu ndiye niliyekuwa mimi:

"Bwawa hili lilijengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita Kilwa kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Jioni sultani alipenda kuketi hapa na wageni wake, upepo wa bahari ukiwapunga. Utajiri ulipopungua jumba likahamwa, na watu wa mji wakaanza kulisema kuwa lina mashetani. Mzee Kombo, ambaye babu yake mzaa baba alisimulia kuwa mababu zao walikuwa walinzi wa jumba, amekuwa akilala hapa tangu mkewe alipofariki miaka kumi iliyopita. Wanawe wawili wako Sofala na hawajamtumia salamu kwa muda mrefu. Si mtu mbaya, lakini hapendi wageni, hasa wanaozungumza kwa sauti kubwa. Chini ya majani kuna kifuniko cha jiwe."

Na wa kisa cha milango:

"Bwawa la pembe nane, kavu, limejaa majani. Mzee Kombo amelala humo na upanga wa mababu zake, waliokuwa walinzi wa jumba. Mwenyewe anajihesabu bado yuko zamu. Ukimfukuza atapigana. Ukimuuliza jumba ni la nani atakusimulia habari za Sultani al-Hasan mpaka alfajiri, na mwisho atakuonyesha kifuniko cha jiwe chini ya majani."

Soma hayo matatu kama mtu aliyetazamwa na watu wanne wenye hamu ya kujua kilichopo bwawani. La kwanza unalimeza kwa mtupo mmoja wa jicho, lakini mchezaji akisema "Namwamsha huyo mzee, namsalimia," unabaki unajikuna kichwa. Ni nani huyu? Anataka nini? La pili lina majibu yote hayo, ila yamezikwa. Jambo pekee linaloweza kubadilisha mwendo wa mchezo, kile kifuniko, limekaa mwisho kabisa baada ya mashetani na watoto walioko Sofala. Niliwahi kuliruka mezani, kwa haraka, na wachezaji wakaondoka bila kujua kuwa kuna njia ya chini. La tatu lina usuli pia, tena usuli uleule wa ulinzi na wa sultani, lakini kila kipande kimewekwa mahali ambapo mchezaji anaweza kukigonga kikafunguka. Ndiyo maana naiita milango. Watoto wa Sofala nimewatoa kwa sababu sikuona njia yoyote ambayo mchezaji angewafikia.

Ngome isiyo na majina

Wapenzi wa kisa chembamba wakitaka ushahidi huinua The Keep on the Borderlands, kijitabu cha Gygax ambacho takriban mwaka 1980 kilikuwa kikiuzwa ndani ya sanduku la D&D la wanaoanza. Wengi wa rika lile walijifunzia mchezo hapo. Kuna ngome mpakani, na karibu nayo bonde lenye mapango ya viumbe wa kila aina. Ndani ya ngome kuna mkuu wa ngome, mhunzi, sonara, mwenye benki, kasisi, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Kazi ya kuwapa majina ameachiwa mwendeshaji. Dunia iliyo nje ya ramani haijaelezwa, na hakuna orodha ya wafalme.

Ukikisoma kwa haraka utadhani ni kisa kisicho na usuli. Siyo. Katika mapango hayo kuna vibwengo, ndivyo ninavyowaita goblini mezani kwangu, ambao jirani yao ni zimwi moja. Wakivamiwa wana mfuko wa sarafu za dhahabu wa kumrushia kupitia mlango wa siri, naye huja kuwasaidia. Huo ni usuli: kuna makubaliano, kuna bei, kuna ujirani. Mchezaji mwenye akili akigundua kuwa zimwi linapigania fedha, atalipa zaidi. Vivyo hivyo, ndani ya ngome anaishi kasisi mgeni, mcheshi, anayependwa na wote, na kumbe ni mpelelezi wa upande mwingine. Sentensi chache tu, na zimewatia wasiwasi wachezaji kwa zaidi ya miaka 40.

Kilichonishinda mimi katika kijitabu hicho ni majina. Mezani, mchezaji akiingia kwa mhunzi swali lake la pili ni "Anaitwa nani?" Ukibabaika hapo, wote wanajua kuwa mhunzi huyo hana maana, na watampita. Huku kwetu pwani jina hubeba nusu ya usuli bila hata kuongeza sentensi. Mwite mtu Mwinyi fulani, au Sharifu, au mtie nisba ya al-Shirazi, na msikilizaji wa Kiswahili ameshamweka katika safu yake: anadai asili gani, anasalimiwa vipi, nani atakubali kumwozesha binti. Mwandishi wa Kimarekani angehitaji aya nzima kuyasema hayo kwa wasomaji wake. Kwa hiyo hata ukichagua wembamba wa kupindukia, usibane kwenye majina. Hayana gharama.

Shajara iliyogeuzwa hazina

Upande wa pili kuna Ravenloft, kisa cha Tracy na Laura Hickman cha mwaka 1983. Hapa usuli ndio kisa. Strahd, bwana wa kasri, alimpenda Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Akamuua mdogo wake siku ya harusi, na Tatyana akajirusha kutoka kasrini. Strahd hakufa kama watu wanavyokufa. Baada ya miaka mingi ametokea msichana kijijini, Ireena, aliyefanana na Tatyana. Ukiondoa hadithi hiyo hubaki na kitu ila nyumba kubwa yenye giza na mnyonya damu mwenye hasira.

Kitu ninachokipenda humo ni namna hadithi inavyowafikia wachezaji. Waandishi hawakumpa mwendeshaji hotuba ya kusoma. Waliifanya shajara ya Strahd iwe moja ya vitu vya kutafutwa kasrini, pamoja na alama takatifu na upanga wa jua. Wachezaji wanaitaka, wanaihatarishia maisha ya wahusika wao, na wakishaipata wanaisoma wenyewe kwa sauti, mstari kwa mstari. Juu ya hilo, mahali vitu hivyo vilipofichwa huamuliwa na mpiga ramli kwa karata, kwa hiyo hata aliyewahi kukicheza hajui atavikuta wapi.

Kijitabu hicho kilikuwa na kurasa 32. Mwaka 2016 kisa kilekile kilitolewa upya kwa jina la Curse of Strahd, na safari hii kilikuwa na kurasa 256, kwa kuwa bonde zima la Barovia limejazwa vijiji, familia, kinu, kiwanda cha mvinyo na ugomvi wa kila namna. Watu wamenigombeza kwa kusema hivi, lakini kwa meza inayokutana mara moja kwa mwezi, zile kurasa 32 zinatosha. Kitabu kikubwa ni kizuri mno kukisoma kitandani. Mezani kinahitaji vialamisho, kalamu za rangi, na mwendeshaji aliyekisoma chote kabla ya kikao cha kwanza, maana mtu wa ukurasa mmoja anategemea siri iliyoko mbali kabisa mbele.

Unene huo una sababu zake, na si zote zinahusu mchezo. Waandishi wengi wa fani hii hulipwa kwa idadi ya maneno. Halafu wanunuzi wengi husoma visa ambavyo hawataviendesha kamwe, kama mtu anayenunua kitabu cha mapishi na hana jiko. Kisa cha kuuzwa kinapaswa kumfurahisha msomaji huyo pia. Chako cha Jumamosi hakina deni hilo, kwa hiyo usiige unene wa vitabu vya dukani ukidhani ndio ubora.

Nairobi ya mwaka 1925, na nani anahitaji kuelezwa nini

Kuna kisa kinene kinachotuhusu moja kwa moja. Masks of Nyarlathotep, cha Larry DiTillio na Lynn Willis, kilitolewa mwaka 1984 kwa ajili ya mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu. Kinaanzia New York mwaka 1925, kinapita London na Cairo, kinafika Kenya, kinaenda Shanghai. Kiini chake ni msafara wa tajiri mmoja wa Marekani na wenzake ambao ulisemekana kuangamia katika nchi ya Kenya miaka michache kabla. Toleo lake la mwaka 2018 lina zaidi ya kurasa 600.

Kwa unene, hakuna kinachokifikia kati ya nilivyoviendesha. Lakini kwa nini hakikunizamisha? Kwa sababu usuli wake umekatwakatwa ukawa vitu: vipande vya magazeti, barua, ripoti, hata kiberiti chenye jina la baa ya Shanghai, ambacho wachezaji wanakikuta New York. Unampa mchezaji kile kiberiti mkononi. Halazimiki kusikiliza chochote. Anakigeuza, anasoma jina la baa, anaanza kuhesabu nauli ya meli.

Tulipofika sehemu ya Nairobi mambo yaligeuka. Wachezaji wawili walikuwa wamekulia Nairobi, na kitabu kilikuwa kinawaandikia watu wasiojua Nairobi iko wapi. Niliruka kurasa nyingi. Hawakuhitaji kuambiwa kuwa reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899 na mji ukaota pembeni yake. Nikasema neno moja tu: askari anamwomba mpagazi wenu kipande. Basi. Meza ikanyamaza. Kila mmoja alikuwa na babu au nyanya aliyewahi kusimulia habari za kipande, kile kitambulisho cha lazima ambacho wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mmoja akakumbusha kuwa mwaka 1925 ni miaka mitatu tu tangu mpigania haki Harry Thuku akamatwe na umati kupigwa risasi Nairobi, Machi 1922. Akauliza kama mpishi wa hoteli angekuwa na ndugu aliyekufa siku ile. Kitabuni hakukuwa na jambo hilo. Nikasema ndiyo, na mpishi huyo akawa mtu muhimu kuliko nusu ya wahusika walioandikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kiasi cha usuli hakipimwi kwa kurasa pekee. Kinapimwa pia kwa kile ambacho watu wa mezani wamekuja nacho kutoka kwao. Kilwa au Nairobi kwa wachezaji wa Afrika Mashariki inahitaji sentensi. Barovia inahitaji aya, kwa kuwa hakuna mtu mwenye shangazi Barovia. Na kinyume chake ni kweli: ukimwendeshea kisa cha Kilwa rafiki aliyezaliwa Toronto, usimwache aelee, mpe hata picha ya magofu. Picha, kwa kweli, ni njia ya zamani. Tomb of Horrors, ambacho Gygax alikiandalia mashindano ya mwaka 1975 na kikachapwa mwaka 1978, kilikuja na kijitabu cha michoro ya kuwaonyesha wachezaji, mwendeshaji akafunga mdomo.

Jambo jingine kuhusu sehemu ile ya Kenya: usuli mwingi si dawa ya kutoijua nchi. Kurasa ni nyingi, ila mtazamo ni wa mgeni aliyeteremka melini, na wenyeji wengi wamewekwa kuwa wabebaji, waganga au wafuasi wa kundi la siri. Ukikiendesha, ondoa na andika upya bila haya.

Kipi kinakufaa

Nikiviweka ubavu kwa ubavu, tofauti kubwa ya kwanza ni muda wako. Kisa chembamba nakiandika usiku mmoja, kwa kalamu, upande mmoja wa karatasi. Tangu mwaka 2009 kuna mashindano ya visa vya ukurasa mmoja, ramani ikiwemo, na ukiyatazama utaona ni mengi kiasi gani yanaweza kukaa katika ukurasa. Kisa kinene kilinichukua wiki tatu, na nusu yake hakikuonekana na mtu. Kisa cha milango kiko katikati, lakini kinachosha zaidi kwa kila sentensi, kwa sababu kila unachoandika lazima ujiulize mchezaji atakifikia kwa kugusa nini, kuuliza nani, kuvunja nini. Ukikosa jibu unafuta, na kufuta kunauma.

Ya pili ni ulimi wako mwenyewe. Kuna waendeshaji wanaotunga papo hapo kama manju aliyepewa ngoma. Hao wembamba unawafaa, usuli mwingi unawafunga miguu. Michezo miwili ya aina hii, Apocalypse World ya mwaka 2010 na Dungeon World ya mwaka 2012, imejengwa juu ya tabia hiyo: chora ramani, acha mapengo, waulize wachezaji, tumia majibu yao. Nimejaribu. Badala ya kueleza mlinzi ni nani, nilimgeukia mhasibu wangu: "Wewe mhusika wako ni mzaliwa wa Kilwa. Huyu mlinzi unamfahamu. Mnajuana vipi?" Akafikiri kidogo. "Ni shemeji yangu. Ananidai." Nisingetunga vile hata kwa kurasa 50. Ila njia hii haifai kwa kisa cha upelelezi. Muuaji hawezi kuamuliwa na anayemtafuta.

Na kwa upelelezi, au kwa kisa cha kutisha ambacho siri yake ni moja, nenda upande wa unene bila kusita, kwa sharti moja. Justin Alexander, mwandishi wa michezo hii, alilitolea kanuni mwaka 2008 ambayo sijaona bora yake: kwa kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, weka angalau vidokezo vitatu. Cha kwanza watakipita, cha pili watakielewa vibaya, cha tatu labda. Ukiifuata utajikuta umeandika usuli mwingi na wote una kazi, kwa sababu kila kidokezo ni kipande cha yaliyopita kilichobaki mahali.

Tatu, nani ataendesha. Ukiendesha mwenyewe, nusu ya usuli iko kichwani na neno moja linatosha kukukumbusha. Nina karatasi yangu imeandikwa tu "Kombo, upanga, al-Hasan" na inanitosha jioni nzima. Mpe mtu mwingine karatasi hiyo, atakupigia simu saa tatu usiku. Unayemwandikia mwenzako anahitaji kujua kwa nini watu wanafanya wanayofanya, kwa kuwa wachezaji watafanya jambo ambalo hukulitarajia na yeye ndiye atakayebaki pale kujibu.

Hapa lazima niitetee kidogo ile historia yangu ya kurasa 9. Kikao cha pili cha Kilwa wachezaji waliachana na nyumba ya tajiri wakaenda msikitini kuuliza: Wareno wakija, mjini humu nani atafaidika? Swali zuri kupita kiasi, na halikuwa popote kwenye kisa. Lakini nilikuwa nimeshasoma kuwa Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alikimbia na Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni, mtu wa mjini humohumo. Nikamleta Ankoni pale pale, ameketi safu ya mbele, na jioni ile ikawa nzuri kuliko zote. Kwa hiyo soma upendavyo. Ninachokigombeza ni kuyamwaga yote kwenye kisa, halafu kuyasoma kwa sauti huku chai ikipoa.

Kwa kikao kimoja cha muda wa saa tatu, na watu ambao hawajawahi kushika dadu, chukua chembamba na usipoteze usiku. Kwa mfululizo wa miezi na kundi lilelile, anza na chembamba pia, kisha acha kinenepe penye maswali yao. Wataulizia bandari, bandari itanenepa, na ikulu ambayo hakuna aliyeijali itabaki mstari mmoja. Kwa upelelezi, kinene chenye vidokezo vitatu vitatu. Kwa kuuza au kugawia wenzako, milango, tena yale anayoyahitaji mwendeshaji kwanza yakae mstari wa kwanza: nini kinaonekana, nani yupo, anataka nini. Historia ifuate chini.

Nimeshakiandika upya kisa cha Kilwa mara tatu. Sasa kina kurasa 4. Nimebakiza sarafu ya shaba ya Kilwa, zile zenye jina la sultani upande mmoja na sifa ya Mungu upande wa pili, vina vikilingana. Kwangu, nusu ya vina hivyo ndiyo neno la siri la kufungulia sanduku. Ibn Battuta ameondoka. Sofala imebaki kwa sababu nahodha mmoja anatoka huko.

Na mlangoni kuna mlinzi. Anaitwa Faki, jino linamuuma tangu juzi, na mdomoni anatafuna karafuu. Niliandika hivyo tu. Wachezaji wa kundi la tatu walimpita mara mbili, mpaka msichana mmoja, mwanafunzi wa historia, akasimamisha mchezo. "Ngoja kwanza. Mwaka 1505? Karafuu Unguja imeanza kulimwa karne ya 19. Hizo zinatoka mbali kabisa huko Mashariki, ni mali ya matajiri. Mlinzi kazitoa wapi?" Wakatazamana. Kisha wakamrudia Faki, wakamsalimia kwa upole, wakamuuliza ghala la bwana wake linafunguliwa kwa ufunguo gani.